Mama Anazungushwa kwa Zamu, na Mimi Najua Anachotaka

Mpendwa Mshauri Bi Hamisa, shikamoo. Naomba msaada wako kwa jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu.

Sisi tumezaliwa watatu, kaka yangu Maulidi yuko Kibaha, anafanya kazi kiwandani Zegereni, mimi naishi Ruvu, na mdogo wetu Tatu amebaki Msimbu jirani na nyumba ya wazazi, na baba alipofariki mwaka juzi ikawa swali mama akae wapi, Maulidi akataka amchukue kwa sababu mama ana presha na kule hospitali iko karibu, tena alishamjengea chumba, Tatu akasema mama akifungiwa mjini bila shamba atakufa kwa upweke, na kila mmoja alinipigia simu kabla ya kikao, na kila mmoja nikamjibu, "Mimi niko upande wako."

Siku ya kikao waligombana mpaka kaka akasimama aondoke, mimi nikajifanya nachemsha chai. Mama alipoulizwa akasema, "Popote mtakapopatana, wanangu." Ndipo nikatoa wazo kwamba akae kwa zamu, mwezi kwa kila mmoja wetu, wote wakafurahi, nikasifiwa kwa busara.

Lakini Bi Hamisa, asubuhi ya siku ile ile mama alikuwa ameniita shambani akaniambia, "Mimi nataka nibaki kwangu, nilime mihogo yangu, nikifa nizikwe karibu na baba yenu. Usiwaambie. Maulidi kanijengea chumba, ataumia." Nikamkubalia.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja anazungushwa na begi lake. Wiki mbili zilizopita, akiwa kwa Maulidi, alitoka mchana kwenda chooni, akakata kushoto kama alivyozoea kwangu, kumbe kwa kaka kushoto ni ngazi. Amevunjika mkono. Kaka anasema zamu zife mama abaki kwake, Tatu anasema kaka ni mzembe, hawasalimiani. Jumapili tuna kikao na wote wananitegemea mimi. Nikisema, nimevunja siri ya mama na kaka ataniona msaliti. Nifanye nini?

R., Ruvu

*

Marahaba, mwanangu R. Pole kwa mama.

Pole hiyo sasa niiweke kando. Ulichokitoa kwenye kikao hakikuwa busara. Kila mtoto alipata theluthi ya mama, na mama hakupata hata theluthi ya nyumba. Mapatano ni pale wanaovutana wanapoachia kitu. Nyinyi hamkuachia chochote, aliyeachia ni yeye.

Siri ya mzazi hutunzwa inapomlinda mzazi. Hii iliwalinda nyinyi. Hata hivyo usiitoe nyuma ya mgongo wake. Nenda kwake kabla ya Jumapili, mwambie: "Mama, nitasema." Akikataa, mwambie utasema tu, na umwombe radhi hapo hapo.

Kikaoni anza na kosa lako. Waambie uliwaahidi wote wawili kuwa uko upande wao, na kwamba mama alikuambia anachotaka ukakificha. Watakukasirikia, vumilia, hasira hiyo ni yako kwa haki. Kisha usiwaulize wanataka nini, mmeshaulizana hayo mwaka mzima. Uliza kila mmoja anaogopa nini. Kaka yako anaogopa mama azidiwe mbali na hospitali. Tatu anaogopa mama akae ndani kama mfungwa. Hizo hofu mbili hazigombani.

Kwa hiyo mama arudi Msimbu, kwake, Tatu awe jirani yake. Siku za kliniki ziwe za Maulidi peke yake: amfuate, ampeleke, mama alale kwenye chumba alichojengewa usiku mmoja au miwili, kisha kaka amrudishe. Wewe hakikisha dawa hazikatiki, na uende Msimbu wewe badala ya kumwita yeye Ruvu. Mkae hivyo miezi mitatu, halafu mkutane tena, na safari hii mama azungumze wa kwanza.

Maulidi akilia, mwacheni alie. Amejenga chumba kizima kwa mapenzi na hakuna aliyemwambia ukweli.