Trauti Mwenye Shavu Lililokatika

Nyumba Na. 11, Podskala,
Bonde la Soča,
Slovenia.
22 Septemba 2019

Mpendwa kaka Gorazd,

Pokea salamu zetu kutoka huku, ambako asubuhi nyasi zimeanza kuwa nyeupe kwa baridi. U hali gani? Wifi Graciela je? Kikohozi cha mtoto ulichokitaja mwezi wa Julai kimepona? Sisi hatujambo, ila Mama Mkubwa Slavica anasumbuliwa na goti. Jibini anatengeneza mwenyewe hata hivyo, na ukijaribu kumsaidia unafukuzwa.

Nyasi za mkato wa pili tumeziingiza ghalani kabla ya mvua.

Sasa habari za Baba Mkubwa, baba yako. Macho yake yamepungua. Nzi wa manyoya wa kuvulia samaki bado anawafunga mwenyewe kwa kupapasa, lakini kupitisha uzi kwenye tundu la ndoana ni kazi yangu. Mwezi uliopita alitangaza kwamba huu ni msimu wake wa mwisho, kisha atarudisha kibali chake kwenye chama cha wavuvi. Ludvik wa baa akamtania, "Mzee Zorko, samaki wako trauti watafanya sherehe!" Akajibiwa, "Wewe wanakucheka kila Jumapili, basi tu husikii."

Shajara yangu inasema Jumamosi tarehe 14, saa kumi alasiri. Nilimsindikiza mtoni hadi kwenye lile jiwe chini ya daraja la kamba. Kaka, ungemwona! Mtu anayegonga viti jikoni, akiwa majini hajikwai hata mara moja. Anausoma mto kwa nyayo. Alirusha uzi mara mbili, na nzi akatua bila kuacha alama juu ya maji. Mara ya tatu ufito wa kuvulia ukapinda.

Zilipita dakika kumi na nne. Hakushindana na samaki. Alimwachia uzi, akaurudisha, akamwachia tena, mpaka nikasogea na wavu.

"Lowesha mikono kwanza!" akanifokea.

"Baba Mkubwa, nina miaka arobaini na moja."

"Na mikono yako ni mikavu."

Nikalowesha, maana mkono mkavu humchubua samaki. Samaki tukamwacha mle mle wavuni, ndani ya maji. Sentimita sabini na nne! Nilikuwa nimeshatoa simu nimpige picha aliposema, "Nitazamie shavu la kushoto." Hakunisubiri. Alipitisha kidole taratibu, akakuta kifuniko cha shavu kimekatika kipande, ukubwa wa ukucha wa dole gumba.

Shavu hilo wewe unalijua. Aprili 2010, siku moja kabla hujasafiri kwenda ng'ambo, ulimkamata trauti mdogo pale pale kwa glovu kavu ya sufu, na dole gumba likamchana shavu. Baba yako akakwambia mbele ya chama kizima, "Umemuua. Bora uende zako." Ukaenda. Miaka tisa sasa, simu zenu haziendi mbali kuliko hali ya hewa.

Baba yako alimshika samaki huku kichwa kikielekea mkondo unakotoka, akangoja mpaka pumzi ikarudi. Mkia ukapiga, samaki akaondoka. Picha sikupiga, simu niliisahau mkononi.

Kadi ya uvuvi ya siku hiyo nilimjazia mimi: trauti mmoja, sentimita 74, ameachiwa. Akaniambia, "Ongeza: wa Gorazd." Nikamwambia kadi haina nafasi ya majina. "Andika pembeni," akasema. Tulipofika mlangoni ndipo akasema tena, "Mwandikie. Mwambie hakumuua. Mwambie mimi ndiye niliyekosea."

Nimekuandikia kama alivyosema, bila kupunguza neno.

Mama Mkubwa anakusalimu, na Ludvik pia, ambaye anadai samaki huyo ni wa kubuni. Mpe Graciela salamu zangu, na mtoto umbusu. Mungu aulinde mlango wenu.

Jana katibu wa chama alikuja kuchukua kibali cha baba yako. Mzee alimwambia arudi mwakani, kwa sababu msimu unafunguliwa Aprili na huenda kuna mtu anakuja.

Dada yako anayekupenda,
Milojka