Pima Maji na Shafti ya Remigius

Jumanne, 9 Julai 2024
Remigius wa Mbulumbulu amerudisha shafti ya mashine yake ya kusaga. Ya pili hii. Beringi zimeungua tena. Anasema upande mmoja nene, upande mwingine nyembamba. Nikamwambia Karatu nzima hakuna anayekereza chuma kama mimi, hata wenye magari ya watalii wakikwama huja kwangu. Akasema, "Mzee, sibishani. Jumatatu naleta chuma kingine. Kikitoka hivi tena, naenda Arusha." Akienda yeye, Mbulumbulu yote inamfuata. Na ngano ndiyo hiyo inavunwa. Bila watu wa Mbulumbulu nafunga karakana.
Naandika ili nisije kubishiwa.

Jumatano, 10 Julai
Nimetoa kabatini pima maji ya zamani. Si kama hizi za mafundi ujenzi. Hii chuma kizito — ukiingiza karatasi ya sigara chini ya ncha moja, kiputo kinakimbia. Niliinunua kwenye mnada wa shamba la kahawa, watu wakacheka. Wacheke. Sasa chini ina kutu, na skrubu ya kurekebishia imeganda. Skrubu nimeimwagia mafuta ya taa. Kutu nimeisugua kwa jiwe laini na oili, taratibu, mchana wote. Mke wangu Marsela akapita: "Miaka yote hii mgongo wangu hujausugua hivyo."

Alhamisi, 11 Julai
Skrubu imefunguka. Pima maji nimeiweka juu ya reli za mashine ya kukereza, nikazungusha skrubu mpaka kiputo kikakaa katikati. Imekwisha. Mashine niliisimika mwenyewe, zege nilimwaga mwenyewe, najua iko sawa.
Jioni Marsela kafuta vumbi. Pima maji kairudisha imegeuka, ya kulia kushoto. Kiputo kimekimbilia ukingoni. Nikamwambia umeniharibia kazi. "Nimeigeuza tu, Baba Hhando. Kama imenyooka, kugeuzwa kunaiuma nini?"
Nalala na hasira.

Ijumaa, 12 Julai
Ukungu mpaka saa nne. Kwa baridi kiputo kimerefuka, na nikishika chuma joto la mkono linakisukuma. Naishika kwa kitambaa, naiweka, nasubiri. Mimi, kusubiri.
Nimefikiri, na hili sikufundishwa na mtu. Mashine haikugeuka. Kilichogeuka ni pima maji. Basi ndiyo inayodanganya. Nikazungusha skrubu mpaka kiputo kikarudi katikati. Nikaigeuza — kikakimbia tena. Nikatukana. Safari hii nikakirudisha nusu ya njia tu. Nikageuza. Kiputo kikasimama palepale, nje ya katikati, upande uleule wa mashine. Nikageuza tena. Palepale.
Nusu ya kosa ilikuwa ya pima maji. Nusu iliyobaki ni ya mashine.
Mashine yangu.

Jumamosi, 13 Julai
Nimeweka pima maji kukingama reli, mwanzo wake na mwisho wake. Hailingani. Mashine imejipinda kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Ndiyo maana shafti zinatoka nene upande mmoja. Udongo huu mwekundu ukinywa mvua unatitia. Nimemwambia Marsela ni ardhi iliyosogea, si mimi. "Ardhi yote imehama," akasema, "wewe tu umebaki."
Kulegeza bolti za miguu ya mashine. Tatu zimekubali. Ya nne niliikaza mimi nikiwa na nguvu zangu, hakuna wa kuifungua. Hata mimi. Nimevisha spana bomba refu, nikaning'inia. Marsela akaja akaning'inia naye, anacheka. Ikalia, ikaachia.

Jumapili, 14 Julai
Kanisani sijaenda. Naingiza vipande vya bati chini ya mguu wa nyuma, nakaza, napima, nalegeza. Mtu akipita karibu kiputo kinatikisika, kwa hiyo Marsela azungukie nje. Amezunguka, amenuna.
Jioni. Mwanzo wa reli na mwisho — kiputo mahali pamoja. Nimerudia mpaka giza.

Jumatatu, 15 Julai
Remigius amekuja na chuma. Nakereza, yeye amesimama nyuma yangu, mikono mfukoni. "Mzee, naona bolti zimeguswa." Nikasema nimeinyoosha mashine. "Kumbe ilikuwa imepinda." Siku nyingine ningemtoa nje. Nikasema, "Usinisemeshe, nakereza."
Nimezima mota. Shafti inang'aa. Nikashika vernia, kile kipimo cha kubana, nipime unene, nikaona hapana. Nimempa yeye. Apime ncha zote mbili, asiseme neno mpaka amalize. Nimekaa kwenye benchi naandika, nisimwangalie. Marsela yuko mlangoni na chai, haingii.
Ncha ya kwanza amepima. Kaandika namba kwenye kiganja, kakifumba. Anatembea kwenda ncha ya pili. Anafuta vernia kwa shati. Ameinama, anasoma, anafungua kiganja, ananionyesha: namba ni ileile.