Siku Hewa Ilipokuwa Safi Bandani

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, mimi binti yako Atieno. Unaendeleaje? Kifua kinasemaje? Najua hapo Nekesa ameacha kusoma ili ujibu, na najua umemjibu, "Niko sawa tu." Basi nakuuliza tena, na safari hii jibu kama mtu ambaye hana haja ya kunificha. Unalala vizuri, au bado unalala umeketi, mito mgongoni?

Mimi mwili ni mzima. Huku Ujerumani baridi imeanza kupungua, ingawa bado sitoki bila koti. Chakula chao nimezoea, isipokuwa samaki. Wanawauza bila kichwa, sasa mtu anakula nini? Kanisani nimepata mama mmoja wa Kakamega, na Jumapili tunasonga ugali kwake. Nekesa, wifi yangu, najua hapo umetabasamu kwa kusikia jina la kwenu. Endelea kumsomea Mama, na usiruke mahali.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu hatumalizi maneno. Nikiuliza, unasema kredi yangu itaisha. Nikinyamaza, nakusikia unakohoa huku umeziba simu kwa mkono. Barua hii anaileta Matthias, yule mwenzangu mrefu niliyekuja naye mwaka jana, uliyempa kichwa cha samaki mbuta akakiangalia asijue aanzie wapi. Atatoka Kisumu aje moja kwa moja huko Usenge kwako. Anakuja kufungua vifaa, na hayo nitayaeleza.

Unakikumbuka kile kisanduku cheupe tulichofunga kwenye nguzo ya banda lako la kukaushia samaki kwa moshi, chenye sola juu ya bati. Ulikiita redio isiyoimba. Kazi yake ni kupima zile chembe za moshi ambazo jicho halizioni, zinazopita puani na kooni bila kuzuiwa na kwenda kukaa ndani kabisa ya mapafu. Kina laini ya simu ndani, kwa hiyo kila kinachopima kinanifikia hapa kwenye kompyuta. Tulifunga vingine mjini, kimoja pale Kibuye wanapochoma takataka za soko. Lakini nikifika kazini asubuhi, kabla sijavua koti, nafungua chako kwanza. Naona mstari umelala chini, halafu unapanda ghafla kama ukuta. Hapo najua Mama amewasha moto. Hata siku kuni zikiwa mbichi, najua. Wenzangu wakitazama wanaona mstari. Mimi nakuona umeinama juu ya pipa, leso kichwani, unageuza samaki kwa vidole na kufuta macho kwa kiwiko.

Sasa, mwezi uliopita, asubuhi moja nilifungua nikakuta mstari umelala. Nikangoja. Mchana bado umelala, na kesho yake vilevile. Nilidhani kifaa kimeharibika, nikakikagua chote. Kilikuwa kizima kabisa. Hewa tu ndiyo ilikuwa safi.

Mama, nilifurahi kama mtoto. Nilijua umenisikia hatimaye, umeanza ile kazi ya kuku tuliyozungumza na Ochieng'. Sikukupigia, kwa makusudi. Niliogopa ukijua kaka yangu na mimi tunakuchunguza, ukaidi utakushika uwashe moto siku hiyohiyo. Nikanunua keki, nikaipeleka kazini.

"Ni siku yako ya kuzaliwa?" Matthias aliuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Mama ameacha moshi."

Wakanipigia makofi, chumba kizima.

Keki ilikuwa bado mezani Ochieng' alipopiga simu.

"Dada, umekaa?"

"Niko kazini. Kuna nini?"

"Mama tumemleta Kisumu. Amewekwa kwa oksijeni."

"Tangu lini?"

"Alianguka bandani. Mama Apiyo wa banda la pili ndiye alimkuta. Tulitaka kukuambia, Mama akakataa. Alisema uko na kazi nyingi, usisumbuliwe."

Nilikuwa nimeshika simu, na mbele yangu kwenye kompyuta mstari wako umelala pale, mzuri, umenyooka. Ndipo nikajua kwa nini ulikuwa umelala.

Hujawahi kuniuliza kwa nini sikuja. Afadhali ungeuliza. Kibali changu cha kukaa huku kilikuwa kimeisha na kingine kilikuwa bado kinatengenezwa, na mtu akitoka wakati huo harudi. Nilienda kwenye ofisi yao, nikamweleza dada wa dirishani kwamba mama yangu anapumua kwa mashine. Alinisikiliza vizuri, hata macho yakamlowa. Akasema, "Pole sana. Utapata barua." Nikarudi nyumbani kungoja barua.

Ochieng' alipokuwekea simu sikioni nikasikia ile mashine kabla sijakusikia wewe. Nilitaka kusema jambo la maana. Mimi ndiye naweza kukutajia kila kilicho ndani ya ule moshi, na kinachofanya kikishaingia kifuani. Nikauliza tu:

"Mama, umekula?"

"Uji, nyathina, mwanangu. Hawatii sukari."

Basi.

Ulipotoka hospitali daktari alikwambia usisogelee moshi tena, nami nikakwambia hivyohivyo. Ukacheka mpaka kikohozi kikakushika. "Atieno, daktari anasema niache, wewe unasema niache. Niache niende wapi?" Nikasema mimi na Ochieng' tutakulisha. Ukasema hujawahi kulishwa tangu uachishwe ziwa, na kwamba ukikaa nyumbani mchana kutwa utakuwa unasikiliza kifua chako tu.

Mwaka jana nilidhani ninalo jibu, lile tanuri la matofali lenye bomba la kutolea moshi tulilowajengea pale ufuoni. Mlilijaribu kwa moyo, niliona kwa macho yangu. Samaki wakatoka weupe, wanunuzi wanaopeleka Kibuye wakawageuzageuza, wakasema hawa hawajakauka, wataoza njiani. Mkarudi kwenye mapipa. Nimetafuta wa kumlaumu nikakosa. Mnunuzi anataka samaki ambaye mteja wake amemzoea, nawe huwezi kubaki na samaki mkononi.

Wiki jana tulikutana kusoma matokeo ya utafiti. Ukumbi ulijaa. Profesa wangu, mama wa makamo mwenye roho nzuri, alionyesha ukutani mchoro wa banda lako. Jina lako halimo, kila banda lina herufi yake. Akaelekeza kidole kwenye zile siku mstari ulipolala, akasema hizi ni siku za thamani sana, kwa sababu sasa tunajua hewa ya mahali pale inakuwaje moto usipowashwa, na siku zingine zote tutazilinganisha na hizi. Watu wakawa wanaandika.

Nikanyoosha mkono. Sikujua nitasema nini mpaka nilipojisikia nasema, "Siku hizo mwenye banda alikuwa amelazwa. Ni mama yangu."

Baada ya mkutano profesa alinifuata nje.

"Atieno, ungependa tuziondoe?"

Nikafikiri. Tukiziondoa, je, utakuwa hukuanguka?

"Ziache," nikasema. "Ni kweli hewa ilikuwa safi."

Akanishika bega. Tukasimama hivyo hapo nje, yeye na elimu yake, mimi na yangu.

Halafu juzi mstari ukapanda tena, ukuta uleule. Sikupigia mtu. Kwanza niliruka kutoka kwenye kiti kwa furaha, maana anayewasha moto ni mtu aliye hai, ana nguvu za kubeba kuni. Kisha nikakaa chini. Nilikaa nikiutazama unavyopanda, na koti langu bado mwilini, mpaka Matthias akaja akanivua kama anamvua mgonjwa.

Sasa muda wa utafiti umekwisha na vifaa vinahitajika kwingine. Niliomba chako kibaki. Walikataa kwa upole. Huku mambo mengi hukataliwa kwa upole. Matthias akishakifungua pale nguzoni, asubuhi yangu itakuwa kama ya mtu mwingine yeyote aliye mbali na kwao. Mpe chai, usimlaumu. Na samaki umkatie wewe.

Nisalimie Ochieng', umwambie namshukuru kwa kukubeba, na kwamba akinificha tena tutakosana. Nisalimie Mama Apiyo. Mkono wake uliokuinua nimeubusu kutoka huku. Mjomba katekista aendelee kutuombea. Shangazi wa Awasi mwambie lile gauni nimelipokea, linanitosha, nililivaa kanisani siku ya jua. Nekesa, asante kwa sauti yako. Ukishamaliza kusoma, mpe Mama maji ya uvuguvugu.

Na wewe, Mama, sikuambii tena uache. Nakuomba jambo moja tu. Asubuhi upepo wa huko kwetu unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo weka kigoda chako upande wa barabara, moshi uende majini. Jua likishapanda upepo unageuka, unatoka ziwani. Hapo hamia upande wa maji. Usingoje moshi ukufikie usoni ndipo uinuke. Ukiona tu majani yamegeuka, inuka.

Nimesoma mpaka huku nilikofika, na cha kukupa ni hicho tu. Hamisha kigoda, Mama. Tafadhali, hamisha kigoda.

Mtoto wako anayekupenda,
Atieno