Uliyoyaandika Ukiwa Umelala Chali

Bisimwa, ndugu yangu,

Ninakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, daftari likiwa juu ya goti. Wewe uliyenicheka miaka mingi kwa kuandika hata orodha ya sokoni kwa mwandiko wa ubaoni, ungeshangaa kuiona mistari hii inavyopanda na kushuka. Ninaogopa. Nimetafuta neno lenye heshima zaidi, linalomfaa mzee aliyestaafu ualimu, na sikulipata. Binti yako Nsimire ameingizwa chumba cha upasuaji. Mkeo amekaa kando yangu, rozari mkononi, lakini vidole vyake havisogei.

Na leo ndiyo Alhamisi ile. Ile ya jedwali lako.

Nitakueleza kwa mpangilio, kwa kuwa hukuyaona haya, na kwa kuwa nikieleza kwa mpangilio hofu hupungua kidogo.

Tangu tukuzike, misimu miwili ya mvua imepita. Mji umepata wakubwa wengine, wenye bunduki. Tumejifunza kutojibu salamu za watu tusiowajua na kurudi nyumbani jua likiwa bado juu. Ulikufa kabla ya hayo, ukadhani umetuacha katika shida za kawaida tu. Mara nyingine nimekuonea wivu.

Kikundi chetu cha Jumamosi kipo bado, ila si kile. Unakumbuka tulivyokuwa watu tisa sebuleni kwako, na chai isiyo na sukari, nawe ukitusomea zile karatasi za Kifaransa ulizoachiwa na padri mmoja? Vitabu vya nje, uliviita: maandiko ya kale ya Wayahudi yasiyomo katika Biblia yetu. Mimi sikuja kwa ajili ya malaika. Nilikuja kwa sababu uliniomba nikukagulie Kiswahili, kisha nikabaki. Ulitueleza kwamba Yeremia alisema miaka sabini. Kwamba Danieli alimsoma Yeremia akaona majuma sabini ya miaka. Kwamba Myahudi mwingine, baada ya Yerusalemu kuungua, alimchukua yule mnyama wa nne wa Danieli akamwona upya, akiwa tai mwenye vichwa vitatu. Ukapiga goti lako, ukasema: "Unaona, Mwalimu? Kila mmoja alikuwa anasoma barua ya mwenzake."

Siku nyingine ulitusimulia habari za malaika walioasi, walioshuka wakawafundisha watu kufua chuma na kutengeneza panga. Mkweo, mume wa Nsimire, alikuwepo, ametoka kuchimba dhahabu huko Mwenga. Aliitazama mikono yake, akauliza: "Sasa mimi niko mwanafunzi wa shetani, Papa?" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Siku hizi ukilitaja jambo hilo katika kikundi, hakuna anayecheka. Wapo wachimbaji walioziacha sururu zao kwa ajili yake.

Ulipokufa, mkeo alinipa madaftari yako matatu yenye majalada ya buluu, akaniomba niyanakili vizuri ili kazi yako isipotee. Nilifanya kazi hiyo kwa miezi minne. Niliifanya kama nilivyowafundisha wanafunzi wetu kuifanya: kilichoandikwa kwa kalamu ya wino ndicho kinachonakiliwa, kilichoandikwa kwa kalamu ya risasi ni cha kujaribia, kinaachwa. Wewe mwenyewe ulifundisha hivyo katika darasa lililopakana na langu. Pembeni mwa kurasa zako kulikuwa na maandishi mengi ya kalamu ya risasi, hafifu, yamelala upande. Sikuyasoma. Hata mstari mmoja.

Kwa wino kulikuwa na jedwali. Historia ya ulimwengu katika majuma kumi, kama maandiko yale yanavyoigawa, kisha hesabu yako mwenyewe iliyoliendeleza jambo mpaka siku zetu, na mwisho wa juma la kumi, Alhamisi ya leo, umepigiwa mistari miwili chini yake. Nililinakili ukurasa mzima. Nilitumia rula, Bisimwa.

Mugisho, mwanafunzi wetu wa zamani mwenye mashine ya fotokopi karibu na chuo, aliiomba nakala yangu akaitoa nakala nyingine nyingi. Kikundi kikahamia uani kwake, nacho sasa hakienei uani. Si mtu mbaya. Anaogopa kama sisi sote, na hofu yake imempa sauti kubwa. Mji ulipobadilisha wakubwa, watu walilitafuta lile jedwali kama watu wanavyotafuta dawa. Vichwa vitatu vya tai vikawa majeshi matatu, na kila mtu alinong'ona lipi ni kichwa kipi. Wengine hawakupanda maharagwe msimu huu. Mugisho alitangaza kwamba Jumatano wangepanda kilima kimoja juu ya Nyangezi, na watoto wao, wakausubiri mwisho huko wakiimba.

Nami nilinyamaza. Utaniuliza kwa nini, nawe unayo haki ya kuuliza. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kwamba ni kweli. Niliamka kila siku nikihesabu. Nilitazama moshi upande wa mto Ruzizi nikatafuta safu yake katika jedwali. Mzee mzima, aliyewachapa watoto walioamini uchawi.

Sasa Nsimire. Mimba hii ni ya pili. Wa kwanza alitolewa kwa kisu, unakumbuka hofu ya siku ile. Daktari alimwonya asisubiri uchungu, akampangia upasuaji leo. Alhamisi hii hii. Lakini Nsimire alikuwa amelitafakari lile neno la Bwana, ole wao wenye mimba katika siku zile, akaamua kwamba Hakimu hatamkuta amelala mezani, tumbo limepasuliwa. Angepanda kilima pamoja na wengine. Mumewe amekwama Mwenga, barabara imefungwa, simu yake haiiti. Mama yake alilia, haikufaa kitu.

Wiki iliyopita mkeo alikuja kwangu. Nilimkaribisha kiti, hakukaa.

"Papa Mwalimu, ni weye uliandika. Uende umwambie."

Nilimjibu kwa ukali kwamba mimi sikuandika, nilinakili. Na kwamba nilinakili kwa uaminifu kila neno la marehemu mumewe. Nikafungua sanduku, nikatoa daftari lenyewe, nikamwekea ule ukurasa mbele yake kama mtu anayemwonyesha mwanafunzi kosa lake. Mkeo hakulitazama jedwali. Aliweka kidole pembeni, kwenye maandishi hafifu.

"Na hii?"

Nikasema hiyo ni ya kalamu ya risasi, ni ya kujaribia, mwenye kuandika angeifuta kabla ya kumaliza. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto.

"Hii ndiyo ya mwisho," akasema. "Alikuwa analala chali, hakuweza kuikala kitako tena. Biki ikakataa kuandika ikiangalia juu. Ni mimi nilimutafutia kreyo."

Bisimwa, nilikaa chini. Nilikuwa nakuja kukuona kila Jumapili katika miezi yako mitatu ya mwisho. Nilikukuta umeinua daftari juu ya uso wako, mikono imekonda, na kile kipande cha kalamu ya risasi kimelala juu ya blanketi. Nilikichonga mimi mwenyewe, kwa wembe wangu, ukasema ahsante. Wala sikujiuliza unaandika nini.

Niliyasoma basi, mkeo akiwa amesimama juu yangu. Kando ya jedwali uliandika: "Hapana." Chini yake: "Malaika alimweleza yule mzee wa tai mnyama wa nne si kama alivyoelezwa Danieli. Ikiwa mbinguni walieleza mara mbili, mimi ni nani hata niifunge hesabu?" Na chini kabisa, herufi zikiteleza kuelekea ukingoni: "Waliandika kwa sababu mji wao uliungua, wakataka kujua kama Mungu bado anawaona. Ni hilo tu. Mwalimu, ulifute jedwali."

Uliniandikia mimi. Uliniita kwa jina unaloniitia. Nami nikaruka mstari huo na kuendelea na rula yangu.

Jumamosi nilikwenda uani kwa Mugisho. Miguu ilikuwa inaniuma. Walikuwa wamebanana mpaka kwenye lango, wengi wao nimewafundisha kusoma, na kwa mara ya kwanza maishani niliwaogopa. Nilisimama nikasoma ulichoandika, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Nikasema kwamba kosa ni langu mimi, si la marehemu. Nikautoa ukurasa wa jedwali katika nakala yangu safi, nikauchana mbele yao.

Mugisho hakukasirika. Alilichukua daftari, akaligeuza kwenye mwanga, akalirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Hii ni mwandiko ya mugonjwa, Papa Mwalimu. Homa inaandikaka mambo mingi."

Mama mmoja nyuma akadakia, akisema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Alituandikia mwisho kwa biki, sasa anatufutia kwa kreyo." Watu walicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, na hakikuwa kizuri. Vipande vya karatasi vilikuwa miguuni pangu, lakini fotokopi zilikuwa mifukoni mwao.

Nsimire alitoka kabla ya wimbo wa mwisho. Nilimfuata hadi barabarani, nikihema. Alisimama kando ya mtaro, mkono mmoja mgongoni, kama wasimamavyo wanawake walio karibu kujifungua. Hakugeuka.

"Papa Mwalimu, na kama kreyo ndiyo inakosa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lolote isipokuwa hilo. Nilitaka kumweleza habari za Yeremia na Danieli na yule mzee wa tai, jinsi ulivyotueleza wewe. Nikamwambia sijui. Nikamwambia kwamba naogopa kama yeye, pengine kumzidi. Na kwamba kama mwisho unakuja Alhamisi, basi mimi utanikuta kwenye benchi la hospitali, kando ya mama yake, kwa kuwa hapo ndipo nitakapokuwa.

Alikaza kitenge chake. Pikipiki mbili zikapita.

"Utabakia pale mpaka mwisho?"

Nikasema mpaka mwisho.

Alikwenda zake bila kunipa ahadi yoyote. Jana wenzake walipanda Nyangezi, ngoma zikisikika tangu barabara kuu. Sikujua kama yumo. Leo asubuhi nilifika hapa mapema nikakaa, na kila mwanamke aliyeingia nilimdhania ni yeye. Alikuja wakati nilipokuwa nimekata tamaa, na mama yake, na begi dogo. Alinisalimu. Mkono wake ulikuwa baridi kama wangu.

Umeme umekatika. Nimesikia wauguzi wakiitana ndani, kisha jenereta ikanguruma, kisha ikanyamaza, kisha ikanguruma tena. Upande wa Ruzizi kumelia mlio wa bunduki mara mbili. Muuguzi wa mlangoni hakuinua hata kichwa. Mimi nimejikuta nahesabu: milio miwili, vichwa vitatu, majuma kumi. Nimejikataza. Nimeanza tena. Huko kusini wingu limeshuka juu ya vilima, na wale wote wako chini yake na watoto wao, na hakuna aliyebeba turubai, kwa maana nani hubeba turubai siku ya mwisho. Kuna vizuizi njiani. Nawaogopea pia. Ni mimi niliyewapandisha huko.

Mkeo ameniuliza: "Unaandika nini, Papa Mwalimu?" Nimemwambia ninamwandikia Bisimwa. Akasema: "Umwambie asimuite Nsimire." Nimekuandikia kama alivyosema. Usimwite huko uliko, ndugu yangu. Tafadhali.

Nimeacha kuandika kwa muda, sasa naendelea.

Ni msichana. Tulimsikia kabla ya kuambiwa. Mkeo alinishika mkono kwa nguvu hata rozari ikanichoma. Nsimire yu hai. Amelala, uso umekuwa wa kijivu, midomo inasogea bila sauti, na daktari anasema damu imetoka nyingi kuliko alivyopenda, lakini imesimama. Nimeuona uso wake kwa mlango ulio wazi nusu. Sikuthubutu kuingia.

Muuguzi alituletea kadi. Ni msichana mfupi, mwenye haraka, mwenye kipande cha biskuti mdomoni. Alisema nyuzi zitatolewa Alhamisi ijayo, saa mbili asubuhi, na tusichelewe kwa sababu foleni ni ndefu. Alisema hivyo bila kututazama, akaandika kwenye kadi, akaenda zake. Mkeo alinipa kadi niisome, maana macho yake yalikuwa yamejaa. Niliisoma kwa sauti. Alhamisi ijayo. Akaniambia nisome tena.

Sina budi kukuambia kwamba hofu haijaisha. Siku bado haijamalizika, na mlango ukigongwa ninaruka. Mji ni ule ule. Sikuwa nabii jana, wala leo sijawa.

Kesho, Mungu akiniacha na miguu, nitakwenda Nyangezi kuwateremsha watakaokubali kuteremka pamoja nami. Watanicheka tena, na wanicheke. Nitawasomea ulichoandika, mara nyingi kadiri watakavyotaka, hata kama ni mmoja tu anayesikiliza.

Pumzika, Bisimwa, na unisamehe ukiweza. Nitarudi hapa na binti yako Alhamisi. Nitamchukulia namba kabla ya saa mbili, ili asisimame kwenye foleni.

Mwalimu wako