Neno la Baba Langoni

Amman

Kaka yangu Wafula,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote hapo Kitale. Mvua imeanza? Mmepanda? Na Baba ameamkaje? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haitulii.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni ya nini hasa. Usicheke. Nilipotoka kwa yule mama niliyekuwa nikimlelea watoto, Kiarabu kilikuwa kimeniingia, nikapata ofisi inayoandika maneno ya Kiarabu chini ya filamu za Kiingereza. Mimi nimepewa matusi. Watu wa filamu hutusiana mama zao kama wanaosalimiana, nami naandika "ole wako" au "mjinga wewe", maana hapa familia nzima hukaa sebuleni kutazama. Mtoto wa shemasi wa Mabanga, kutwa nzima na matusi! Wakati mwingine tungecheka.

Juzi kwenye filamu alitokea mzee akimwambia mwanawe akafie mbali. Vidole vikagoma. Bosi wangu, Bi Rima, akaja: "Andika 'nenda zako', tuendelee." Nikaandika. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Ulikuwepo langoni siku ile naondoka, Kaka, ukamsikia Baba: "Ukienda kwa hao Waarabu, usikuje kunizika. Hata mchanga usitupe kwa kaburi yangu." Hilo hakuna wa kulilainisha. Na tangu kiharusi kimfunge Baba ulimi, wazee wanakwambia yale yale: aliyetamka laana ndiye anayeiondoa, kwa mdomo wake, akimtemea mtoto maji kifuani.

Nilikuomba umnyweshe maji kwa kijiko, gauni langu la zamani likiwa mbele yake, ateme hapo. Ulifanya, Mungu akubariki. Jibu lako nimelisoma mpaka nimechoka: "Dada, maji ilimwagika tu. Hakutema. Wazee wanasema hiyo si kitu." Basi sitakusumbua tena. Siku ikifika, usinionyeshe kaburi kwa simu. Alisema nisiwepo. Naogopa kuvunja neno lake, na kulitii pia naogopa.

Msalimie Mama, mwambie ninakula. Msalimie mke wako anayemgeuza Baba kitandani, kazi ambayo ingekuwa yangu. Na Baba mwenyewe umsalimie, umtajie jina langu polepole. Daktari alisema bado anasikia.

Ni mimi mdogo wako,
Nekesa