Bundi Nilimwona Mimi

Jumamosi, Julai

Hasira haijanitoka. Bundi nilimwona mimi.

Tulikuwa kinamasini tangu asubuhi, kundi zima la watazama ndege, majani yameganda kwa baridi ya Julai ya huku kusini mwa bara. Bundi akaruka karibu na miguu yangu, uso mweupe wenye umbo la moyo. Nikasema huyo ni bundi wa nyasi, yule adimu. Kiongozi wetu hakuinua hata darubini.

"Hapana, mama. Ni yule wa kawaida. Wageni huwachanganya hao wawili."

Mgeni, mimi niliyeishi mtaa wa Berea, mjini humu humu, miaka kumi na minane.

Baadaye mzee mmoja akaonyesha picha aliyompiga: bundi yuleyule, uso mweupe. Kiongozi akakubali kwamba ni bundi wa nyasi, akampongeza, akaandika kwenye daftari la kundi kwamba mzee ndiye aliyemwona.

Wanjiru, rafiki yangu aliyeniingiza kundini, akaninong'oneza, "Achana nayo, tusije tukafukuzwa."

Sikuachana nayo. Niliomba kalamu nikaandika jina langu juu ya la mzee. Mzee mwenyewe akasema, "Ni haki yake. Yeye ndiye aliyenionyesha."

Lakini Wanjiru hakunisemesha njia nzima ya kurudi nyumbani, na hilo linaniuma kuliko... Kesho nitampigia simu. Ila radhi kwa ajili ya bundi siombi.