Wamekitaka Kicheko Changu

Dada Zuhura, amahoro!

Huku Rumonge jua linachoma, na mimi nimeingia kwenye filamu! Vijana wa hapa wanatengeneza vichekesho kuhusu majamaa wanne wenye rasta, waliokataa kazi za ofisi wakahamia kwenye mtumbwi mbovu na mbuzi wao. Leo mbuzi kawaponyoka, akakanyaga ndagala zote, vile visamaki vidogo, zilizoanikwa mchangani. Akina mama wanaozigeuza wakamfukuza pamoja na waigizaji kwa mafagio, wasijue kamera bado inarekodi! Walipoambiwa, mmoja akafunga kitenge chake upya: "Turudie! Hapo sikuwa nimependeza."

Basi nikacheka, kile kicheko changu cha fisi kilichofanya mnitoe nje kwenye harusi ya Hamisi. Nikajiziba mdomo, nikaanza kuondoka. Mwenye kamera akanipigia kelele: "Weye dada, usiende! Hicho kicheko tunakitaka!"

Sasa filamu nzima inamalizikia kwa sauti yangu!

Nakuletea samaki mukeke wa kukausha, na watoto wabusu wote. Filamu ikifika huko kwetu Buyenzi tutakaa mbele kabisa, na safari hii hakuna wa kunitoa nje.

Mdogo wako,
Mwajuma